Jirani msumbufu? Tuliza moyo kabla ya kubisha mlango

Msomaji, hebu jiulize: ni usiku mara ngapi mwezi huu umelala ukiwa na hasira dhidi ya mtu ambaye hata jina lake kamili hulijui? Unajua anavyokohoa. Unajua saa anayorudi nyumbani, kituo cha redio anachokipenda na jina la mtoto wake anayefokewa kila jioni. Ukuta mmoja wa mawe ndio unaowatenganisha, na ukuta huo hauna siri. Lakini mkikutana kwenye ngazi mnapishana kimya kama watu waliokosana. Na pengine mmekosana kweli, ila yeye hajaambiwa.

Hali hii huwapata wakazi wa miji yote duniani, lakini wanaoishi mitaa ya Eastlands jijini Nairobi wanaijua kuliko wengi, na katika Eastlands yote sidhani kuna mahali panapofaa kuizungumzia kuliko Kiamaiko. Mtaa huu ulio kando ya Huruma, katika eneo bunge la Mathare, unajulikana kote jijini kwa sababu ya mbuzi. Malori hufika yakiwa yamesheheni mifugo kutoka Marsabit, Moyale, Isiolo na kwingineko kaskazini, na kazi ya kuchinja huanza wakati watu wa mitaa mingine bado wanaota. Kando ya machinjio hayo pamesimama majumba ya orofa yaliyogawanywa chumba kimoja kimoja. Choo ni cha watu wa vyumba kadhaa, mfereji ni wa ploti nzima na kamba ya kuanikia nguo haina mwenyewe. Humo wanaishi Waborana, Waburji, Wagabra na Wasomali, bega kwa bega na Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba, Waluhya na wengine wengi.

Mahali kama hapo ugomvi wa majirani haukosekani. Ajabu ni kwamba si mkubwa zaidi ya ulivyo.

SAA MBILI TOFAUTI

Chukua mfano wa kijana anayefanya kazi machinjioni. Yeye huamka saa tisa usiku. Kufikia adhuhuri amemaliza kazi, ameoga, amekula, na anataka kulala. Huo ndio wakati watoto wa ploti wanatoka shuleni na kugeuza veranda kuwa uwanja wa mpira. Kijana huyo anaamka amenuna, anawafokea watoto, na mama yao anasema ana roho mbaya. Jioni mama huyo huyo anapomaliza kazi zake saa nne usiku na kujilaza, kijana anawasha redio kidogo, anatafuta kiatu, anabamiza mlango wa chuma na kushuka ngazi kwa kishindo. Mama naye anageuka kitandani na kusema, watu wengine hawana adabu.

Hapo hakuna mwenye tabia mbaya. Kuna saa mbili tofauti katika jengo moja.

Nimelianza jambo hili hapa kwa makusudi, kwa sababu katika ugomvi mwingi wa ploti tunakimbilia kuhukumu moyo wa mtu kabla ya kuuliza ratiba yake. Mlinzi wa usiku, muuguzi, utingo wa matatu, mama mboga anayewahi soko alfajiri, wote wanaishi kwa saa zao. Ongeza adhana ya alfajiri, daku la mwezi wa Ramadhani, kesha la Ijumaa la kanisa lililo orofa ya chini, na mechi ya ligi ya Uingereza inayoisha karibu saa saba usiku. Kila mmoja wa hawa ana haki yake, na kila mmoja akilala anataka wengine wanyamaze.

Lakini pia tusidanganyane. Wapo majirani ambao ni wasumbufu kwelikweli: anayemwaga maji machafu mlangoni pako kwa dharau, anayetupa takataka mtaroni usiku, anayeweka spika kubwa kama kabati katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Kwa hao pia makala haya yana neno.

MASIKIO HAYALALI

Wengi hudhani kelele za jirani ni kero ya moyo tu, kitu cha kuvumilia kama jua kali. Mwili haufikiri hivyo. Macho yana kope za kuyafunika, masikio hayana. Unapolala, sikio huendelea kufanya kazi na kupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo huamua kama sauti hiyo ni ya kupuuza au ya kuogopa. Ndiyo maana mama hulala fofofo malori yakipita, lakini huamka mtoto wake akigeuka tu.

Ubongo ukiamua kwamba sauti ni ya hatari, au ni ya kuudhi, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, mishipa ya damu hukaza, sukari huongezeka katika damu. Haya ni maandalizi ya kupigana au kukimbia, kama alivyoyaeleza Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Maandalizi hayo yalimfaa mtu aliyekutana na simba. Aliyelala Kiamaiko hana pa kukimbilia, na wa kupigana naye yuko upande wa pili wa ukuta.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwapima watu 140 waliokuwa wakiishi karibu na viwanja vinne vya ndege barani Ulaya. Walilala majumbani mwao wakiwa wamefungwa vipimo mkononi. Ilionekana kwamba shinikizo la damu lilipanda kila kelele kubwa ilipotokea, hata kama mtu hakuamka wala kukumbuka chochote asubuhi. Na si ndege peke yake. Gari lililopita, hata mkoromo wa mwenzi kitandani, ulifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo yule anayesema "mimi nimezoea, silisikii tena" huenda anasema kweli kuhusu masikio yake, lakini mishipa yake haijazoea.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za Ulaya Magharibi pekee, watu hupoteza angalau miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka kwa sababu ya kelele za barabarani na nyinginezo, sehemu kubwa ikitokana na usingizi uliovurugwa. Shirika hilo hilo lilikuwa limependekeza mwaka 1999 kwamba kelele ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, yaani karibu sawa na mnong'ono. Msomaji wa Kiamaiko anayesikia mbuzi, lori na mlango wa chuma kwa pamoja ana ruhusa ya kucheka.

Hata hivyo madhara yake hayachekeshi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Akizikosa siku baada ya siku, huwa mwepesi wa hasira, husahau, humchapa mtoto kwa kosa dogo, na akiwa na kazi ya kisu au usukani huhatarisha vidole vyake au maisha ya abiria. Mwenye presha au kisukari ndiye anayeumia zaidi. Kama wewe ni mmoja wao na usingizi wako umekuwa wa kukatikakatika kwa wiki kadhaa, mwambie daktari au muuguzi unapokwenda kupimwa. Usimtajie dawa ulizomeza tu. Mtajie na jirani.

ASIYENYAMAZA NA ASIYEFOKA

Sasa tuje kwenye hasira yenyewe. Wakenya wengi tunajua njia mbili tu. Ya kwanza ni kumeza: unanyamaza mwezi, miezi sita, mwaka, ukiugulia moyoni na kuhesabu makosa. Ya pili ni kulipuka: unagonga ukuta kwa mwiko, unafungulia redio yako juu kuliko yake, unasimama kwenye veranda na kumwaga yote mbele ya ploti nzima. Dawa ya moto ni moto, tunajiambia.

Njia zote mbili zinakuumiza wewe kwanza. Kuhusu ile ya kulipuka, kuna imani kwamba mtu akitoa hasira kwa kupiga kitu atapoa. Mwaka 2002 Brad Bushman, mtaalamu wa saikolojia nchini Marekani, aliijaribu imani hiyo. Aliwaudhi wanafunzi kwa makusudi, kisha wengine akawapa mfuko wa mazoezi ya ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi, na wengine wakakaa kimya kwa dakika mbili bila kufanya lolote. Waliopiga mfuko ndio waliobaki na hasira zaidi, na ndio waliokuwa wakali zaidi baadaye. Mwiko kwenye ukuta, basi, hautulizi chochote. Unauzoesha mkono tu.

Na kumeza je? Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Miaka ya 1960 na 1970 wataalamu wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, waliwafanyisha watu kazi huku kelele kubwa zikipigwa. Kwa baadhi yao kelele zilikuja kwa mpangilio uliojulikana, na kwa wengine zilikuja ghafula bila ratiba. Wale wa ghafula ndio walioharibikiwa zaidi walipopewa kazi nyingine baadaye: walikosea mengi na wakakata tamaa upesi. Kisha baadhi ya watu waliopigiwa kelele hizo za ghafula wakaonyeshwa kitufe na kuambiwa kwamba wakishindwa kabisa wakibonyeze, kelele zitakoma, ila ingekuwa vizuri wasikibonyeze. Karibu wote hawakukigusa. Walisikia kelele zile zile, kwa kiasi kile kile. Lakini kwa sababu walijua kitufe kipo, walifanya kazi vizuri zaidi kuliko wenzao wasiokuwa nacho.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Sehemu kubwa ya kinachotuumiza ni kutojua kelele zitaanza lini na kujiona hatuna la kufanya. Anayemeza hasira ana kelele na hana kitufe. Anayelipuka amekivunja kitufe chake mwenyewe, kwa maana baada ya matusi hawezi tena kubisha mlango ule. Utulivu ninaouzungumzia hapa haufanani na unyamavu. Ni kazi ya kujitengenezea kitufe: mtu wa kuzungumza naye, saa mliyokubaliana, na kujua ni nani wa kumwendea mkishindwana.

KABLA YA KUBISHA

Usiende wakati kelele zinaendelea. Najua ndio wakati unaotamani kwenda. Lakini saa hiyo moyo wako unapiga mbio, na yeye huenda ana wageni au amekunywa. Mwili uliopandwa na hasira huhitaji dakika 20 au zaidi kurudi mahali pake, tena kama huichochei kwa mawazo. Keti kitandani, miguu chini. Vuta pumzi polepole kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole zaidi ukihesabu hadi sita. Endelea kwa dakika tano. Si uganga. Pumzi ndefu ya kutoka huamsha mishipa ya fahamu inayoupunguza mwendo wa moyo. Kisha jilinde usiku huo kwa unachoweza: sogeza kitanda kutoka kwenye ukuta mnaogawana, tia vizibo vya masikio vya sponji. Pamba ya kawaida haisaidii sana, ingawa wengi huitegemea.

Nenda kesho yake, mchana au jioni mapema, mkiwa mmeshiba wote wawili. Usimkabili mbele ya watoto wake wala kwenye foleni ya mfereji. Usiandike chochote kwenye kundi la WhatsApp la ploti, kwa sababu hapo mtu hujibu kwa ajili ya watazamaji. Kama wewe ni mama na jirani ni kijana anayeishi peke yake, fuatana na mtu mzima anayeheshimiwa. Mara nyingi ni rahisi zaidi mke kuzungumza na mke, au mzee na mzee.

Salimia kwanza, na salamu iwe salamu kweli. Waborana, ambao ni wengi Kiamaiko, husalimiana kwa kuulizana amani: nagaa? Nyumbani ni amani, mifugo ni amani, watoto ni amani? Salamu hiyo huchukua muda, na muda huo si wa bure. Mpaka mnafika kwenye shida, mmeshakiri mara kadhaa kwamba kuna amani kati yenu.

Kisha sema shida yako, usiseme tabia yake. Kuna tofauti kubwa kati ya "wewe unapiga kelele kila siku" na maneno kama haya: "Baba nanii, samahani kukusumbua. Mimi ni yule wa mlango wa tatu. Naamka saa tisa usiku kwenda machinjioni, na muziki ukiendelea baada ya saa tatu sipati usingizi. Tunaweza kupatana saa gani?" Katika maneno hayo hakuna tusi la kujibu. Kuna swali, na swali linahitaji jibu. Angalia pia kwamba hukumwomba azime redio maisha. Umemwomba saa. Ukipata saa, kelele zimepata ratiba, na tumeona ratiba peke yake ni nusu ya dawa.

Jitayarishe kuambiwa yako. Aghalabu jirani atakujibu kwamba watoto wako humwaga maji kwenye ngazi, au jiko lako la makaa hujaza moshi chumbani mwake. Usijitetee papo hapo. Pokea, kisha mbadilishane: mimi nitatoa jiko nje, wewe utapunguza muziki. Mapatano ya kubadilishana hudumu kuliko ya kuombwa, maana hakuna aliyeondoka ameshindwa.

Kuna na mambo ya ufundi ambayo huokoa urafiki. Sauti nzito ya besi haipiti hewani tu, hupita kwenye sakafu na kuta za zege. Spika iliyowekwa chini au kuegemezwa ukutani huufanya ukuta wenyewe kuwa spika. Ukiinuliwa juu ya kipande cha godoro na kusogezwa mbali na ukuta, muziki ule ule hausumbui kama kwanza. Mlango wa chuma unaobamiza hunyamazishwa kwa kipande cha mpira wa tairi kuukuu. Mpelekee jirani kipande hicho wewe mwenyewe. Ni bei rahisi kuliko dawa za presha.

MTU WA TATU

Ukizungumza mara mbili bila mafanikio, tafuta mtu wa tatu, na hapa tafadhali usiruke ngazi. Anayeanza kwa polisi hujikuta ameshinda kesi na kupoteza jirani. Anza na msimamizi wa ploti, kisha mwenye nyumba au wakala wake. Wengi hawajui kuwa Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura ya 296, ambayo inahusu nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, inataja usumbufu kwa majirani kuwa mojawapo ya sababu ambazo mpangaji anaweza kuondolewa kwazo. Kwa hiyo mwenye nyumba anayekwambia "hayo ni yenu wapangaji" anajitoa tu.

Baada yake kuna wazee. Katika desturi ya Waborana, olla ni kijiji cha familia zinazohama na kukaa pamoja, na kina mkuu wake, abba olla, ambaye pamoja na wazee wenzake husikiliza ugomvi. Familia isiyoelewana na wenzake huweza kufunga mizigo na kujiunga na olla nyingine. Mpangaji wa Nairobi hana ngamia wa kupakia, tena amekwisha kulipa deposit. Lakini desturi ya kukaa chini mbele ya wazee haikubaki Marsabit. Ilikuja na watu, na hata asiye Mborana akiitumia haimdhuru. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, inataka upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro zikuzwe, mradi zisikiuke haki za mtu.

Upo pia mpango wa Nyumba Kumi, uliosisitizwa na serikali mwaka 2013 baada ya shambulio la Westgate, kwa kufuata mfano wa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania ulioanza miaka ya 1960. Kusudi lake lilikuwa usalama, na wako wanaoushuku hadi leo. Lakini pale kiongozi wake anapokuwa mtu wa busara, huweza kuamua mambo ya takataka na kamba za nguo bila mtu kupoteza siku ya kazi. Juu yake kuna naibu wa chifu na chifu.

Kwa kelele za baa, makanisa na maduka yenye spika barabarani, sheria ni wazi zaidi. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, chini ya mamlaka ya mazingira ya NEMA, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango cha usiku katika makazi ni desibeli 35. Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya kaunti ya Nairobi chini ya Gavana Johnson Sakaja ilitangaza kuwa haitaruhusu vilabu vya usiku katikati ya makazi ya watu, tangazo ambalo wenye vilabu walilipinga. Malalamiko ya aina hii yana nguvu yakiwa ya watu wengi. Barua yenye sahihi za wapangaji ishirini, yenye tarehe na saa za kelele, huheshimiwa kuliko mtu mmoja aliyekasirika dirishani pa afisa.

NENO LA KABILA

Kuna kitu kimoja ambacho kikiingia katika ugomvi wa ploti hugeuza kila kitu: kabila. Ugomvi ulikuwa wa ndoo, mara unakuwa wa "nyinyi watu". Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani katika Mathare na Huruma walifukuzana vyumbani kwa sababu ya majina yao, na maelfu kote nchini walipoteza makao. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya utangamano wa kitaifa inayofanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa. Lakini sheria haiko veranda saa tatu usiku. Uko wewe. Mtu akisema "hawa watu", mrudishe kwenye ndoo: tunazungumza juu ya ndoo ya nani?

Na watu hao hao, tarehe 29 Aprili 2016, jengo la orofa lilipoporomoka Huruma baada ya mvua kubwa na kuua watu wapatao 50, ndio waliokuwa wa kwanza kufukua vifusi kwa mikono. Hakuna aliyeuliza aliyefunikwa anaitwa nani.

USIYOPASWA KUVUMILIA

Yote niliyoyasema ni kwa kero. Hatari ni jambo lingine, na hapo utulivu maana yake ni kuchukua hatua haraka. Ukisikia jirani akimpiga mkewe au mumewe, usisubiri dakika 20 za kupumua. Sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inamruhusu mtu yeyote anayeshuku kutoa habari. Nambari 1195 ni ya bure kwa dhuluma za kijinsia, 116 ni ya watoto, na polisi ni 999 au 112. Ukiogopa kwenda peke yako, bisheni mlango watu watatu na kuomba chumvi. Mara nyingine kubisha tu kunaukatiza mkono.

Jiko la makaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa au kwenye korido isiyo na dirisha pia si kero. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na huua aliyelala. Nyaya za stima zilizounganishwa kiholela na kupita juu ya nguo zilizoanikwa zinaweza kuchoma orofa nzima. Mtaro uliozibwa kwa takataka ni maji machafu ndani ya vyumba vya chini mvua inaponyesha, na waliokuwa Mathare wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 hawahitaji kuelezwa. Mambo haya mpelekee msimamizi siku hiyo hiyo, na asipofanya lolote usingoje awamu ya pili.

Na ikiwa umejaribu yote na bado presha yako inapanda kila ukiingia langoni, basi kuhama si kushindwa. Ila usihame kwa hasira. Kabla ya kulipa deposit ya chumba kipya, kitembelee mara mbili: mara moja mchana, mara moja saa nne usiku siku ya Ijumaa. Simama kwenye ngazi dakika kumi, sikiliza, nusa, tazama choo na mtaro, muulize mama unayemkuta akifua ni nani anaamka saa ngapi hapo. Na mkononi uwe na kile kipande cha mpira wa tairi, kwa maana mlango wa chuma utaukuta huko pia.